Afya ya Mfanyi Kazi: Mwili, Moyo, na Kazi Yenyewe

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Kamati ya tawi ilitutaka tuzungumze juu ya elimu iitwayo saikolojia ya afya. Jina hilo lilipobandikwa ubaoni ndugu wengine walicheka, wakauliza kama chama kimeanza kutafuta wenda wazimu kati yetu. La, sivyo. Saikolojia ni elimu ya nafsi, yaani namna mtu anavyofikiri, anavyoogopa, anavyotumaini, na anavyoshika mazoea. Saikolojia ya afya yauliza, hayo yote yana sehemu gani katika kumfanya mtu awe mzima au awe mgonjwa? Sisi si madaktari. Tu watu wa reli, na haya tumeyasoma jioni baada ya zamu. Lakini tumeona yatuhusu sana, kwa sababu mfanyi kazi hana kitu kingine cha kumwuzia mwajiri ila nguvu zake na saa za maisha yake, na mwenye kuuza bidhaa hana budi kujua bidhaa yake huharibika namna gani.

Tuanze na maamkizi yetu wenyewe. Mtu akikutana na mwenziwe hamwulizi juu ya ini lake wala mapafu yake. Husema, "Hujambo?" yaani, huna jambo lililokupata? Kisha huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za safari. Ukiyapima maneno hayo utaona ya kuwa wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba uzima wa mtu hauko ndani ya ngozi yake peke yake. Mtu mwenye mwili mzima, lakini mtoto wake amefukuzwa shule kwa karo, huyo ana jambo.

Waganga wa pwani nao walikuwa na elimu yao. Walisema mwili una joto na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni kupotea kwa mizani ya hayo. Elimu hiyo haikuzaliwa Lamu wala Mombasa. Asili yake ni kwa Wayunani wa kale, katika vitabu vinavyoitwa kwa jina la Hippocrates. Ikapita kwa Waarabu na Waajemi, na Ibn Sina akaipanga katika kitabu chake kikubwa cha uganga kiitwacho Qanun, kiasi cha mwaka 1025. Kisha ikavuka bahari na majahazi. Watu wengine walisema ugonjwa ni pepo, au ni jicho la jirani, au ni adhabu ya Mungu. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Ayubu. Alipoketi majivuni na majipu yake, rafiki zake walikuja kumfariji, na faraja yenyewe ikawa kumwambia ya kuwa bila shaka amekosa. Wako wakubwa wa kazi ambao hata leo ni ukoo mmoja na rafiki wale.

Baadaye yalikuja mawazo mengine, yenye nguvu kuliko yote ya kwanza: ya kwamba mwili ni mashine. Tarehe 24 Machi 1882 daktari Robert Koch alisimama mbele ya wenziwe huko Berlin akawaeleza juu ya kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Toka hapo kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake, au kipande cha mwili kilichoharibika. Hatuyadharau mawazo hayo hata kidogo. Kwa hayo tulipata chanjo na dawa, na ndui, iliyoua na kupofusha watu wengi sana, ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani. Mtu akikuambia uache dawa ya kifua kikuu ukatulize moyo tu, huyo anakuua.

Na kwa mtu wa karakana mawazo hayo ni mepesi kuyafahamu. Injini ikigoma, fundi hutafuta kipande kilichovunjika, hukitoa, hutia kingine, basi. Lakini injini haiogopi kufukuzwa kazi. Injini haikai macho ikihesabu siku zilizobaki kabla ya mshahara.

Tena mawazo ya mashine yana hatari yake yanaposhikwa na mwajiri. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hata kufika Kisumu mwaka 1901, waliletwa wafanyi kazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao kwa kuwa miili yao haikuweza kazi tena. Vitabu vyapenda kusimulia simba wa Tsavo wa mwaka 1898, lakini magonjwa yaliwala watu wengi kuliko simba. Katika hesabu hizo mtu alikuwa mzima maadamu aweza kunyanyua chuma. Asipoweza, alirudishwa kama koleo lililovunjika mpini.

Sasa tufike kwenye jambo linalotupendeza zaidi, maana elimu hii ina deni kubwa kwa reli, na wengi hawajui.

Huko Uingereza, zamani za Malkia Victoria, ajali za treni zilipozidi, madaktari walianza kuletewa wagonjwa wa ajabu. Mtu ametoka katika ajali kwa miguu yake, hana jeraha wala mfupa uliovunjika, pengine amewasaidia hata wengine. Baada ya siku chache au majuma, mikono yatetemeka, usingizi wapotea, mgongo wauma, mambo madogo hayakumbuki, na akisikia filimbi ya treni moyo wamwenda mbio. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha kitabu juu ya wagonjwa kama hao. Yeye alidhani uti wa mgongo umetikiswa na kishindo, ukaharibika kwa namna isiyoonekana, na watu wakauita ugonjwa huo "mgongo wa reli."

Neno hilo liliingia mahakamani upesi, kwa kuwa walioumia walidai fidia, na makampuni ya reli hayakupenda kulipa. Mwaka 1883 daktari mwingine, Herbert Page, aliandika kitabu cha kumpinga Erichsen. Page alikuwa daktari mpasuaji wa kampuni kubwa ya reli, London and North Western. Alisema wengi wa watu hao uti wao hauna kitu. Lililowapata ni hofu. Tena wengine, akasema, hupona upesi wakishalipwa. Kampuni hazikuchukizwa na maneno hayo. Lakini tazameni: katika kuitetea kampuni, Page alilazimika kukubali jambo kubwa, ya kuwa hofu peke yake, bila pigo, yaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu akawa mgonjwa kweli kweli. Hoja iliyoletwa ili kupunguza malipo ikafungua mlango wa elimu mpya. Leo madaktari wote wanajua ugonjwa unaoweza kumshika mtu baada ya kuona mambo ya kutisha, na hawamwulizi kwanza jeraha liko wapi.

Mmoja wa abiria wa zamani hizo alikuwa mwandishi Charles Dickens. Tarehe 9 Juni 1865 alikuwa katika treni ya kutoka Folkestone kwenda London, iliyochukua abiria waliovuka bahari kwa meli. Karibu na Staplehurst mafundi walikuwa wakibadilisha mbao katika daraja la mto Beult, na reli zimeng'olewa. Saa za treni ile zilibadilika kila siku kwa kufuata maji kujaa na kupwa, na mnyapara alisoma vibaya kitabu cha saa. Mwenye bendera nyekundu alikuwa yadi 554 tu kutoka darajani, na sheria ilitaka yadi 1,000. Watu wa gangi waliomo humu hawahitaji kuelezwa yaliyofuata. Watu 10 walikufa, 40 wakaumia. Behewa la Dickens lilining'inia darajani. Alitoka mzima, akateremka kuwapa maji waliokuwa wakifa. Baada ya hapo alitetemeka kila alipopanda treni, na alipoweza alichagua treni za polepole. Alikufa tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili, siku ile ile. Hatusemi ajali ndiyo iliyomwua. Twasema tu ya kuwa mtu aliyeandika vitabu vikubwa vile, mwenye akili na mali, hakuweza kuiamuru mikono yake isitetemeke.

Mnyapara alifungwa. Na ninyi mtaona ya kuwa hofu ya mwandishi yasimuliwa katika vitabu vingi, lakini dereva aliyeliona daraja lisilo na reli mbele yake hutajwa kwa mstari mmoja.

Je, hofu yaingiaje mwilini? Hapa wenye elimu wamejua mengi. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu akaeleza yanayotokea mnyama au mtu akishtuka. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga dawa yake katika damu. Moyo huongeza mwendo, sukari huingia damuni, damu huenda kwenye misuli, na tumbo huacha kazi yake. Mwili umejiweka tayari kupigana au kukimbia. Kama aliye mbele yako ni chui, hiyo ni neema. Lakini kama aliye mbele yako ni mkubwa wa zamu anayekutukana, huwezi kupigana wala huwezi kukimbia. Wasimama tu, na moyo wapiga. Jioni kuna ujumbe wa deni la mkopo wa simu, na moyo wapiga tena. Injini inayopanda mlima na mzigo hutumia nguvu nyingi, na ndiyo kazi yake. Bali hakuna dereva awezaye kuiacha ikinguruma kwa nguvu zote usiku kucha imesimama stesheni, kisha akashangaa ikiharibika.

Mambo haya yalipimwa. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenziwe walitoa habari za watu 394 wazima waliojitolea Uingereza, wakatiwa puani matone yenye vijidudu vya mafua. Kabla ya hapo waliulizwa juu ya mashaka ya maisha yao. Kijidudu ni kile kile, lakini kadiri mtu alivyokuwa na mashaka mengi, ndivyo alivyozidi kushikwa na mafua. Mwaka 1995 huko Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenziwe walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza nyumbani jamaa zao waliopotewa na akili kwa uzee, na wengine 13 wasiokuwa na mzigo huo, wakawafanyia kidonda kidogo mkononi, sawa sawa kwa wote. Vidonda vya wale wauguzi vilichukua siku 9 zaidi kupona. Ndugu zetu wanawake mliomo humu, mnaomaliza zamu mkaanza nyingine nyumbani na mgonjwa, hayo yanawahusu kuliko sisi.

Basi kijidudu kipo, lakini kinamkuta mtu wa namna gani? Mwaka 1977 daktari George Engel wa Marekani aliwaambia madaktari wenziwe ya kuwa haitoshi kuutazama mwili. Lazima watazame pia nafsi ya mtu na watu anaoishi kati yao. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema karibu hayo katika katiba yake iliyotiwa sahihi mwaka 1946: afya ni kuwa mzima kabisa mwilini, akilini, na katika maisha pamoja na wengine, wala si kukosa ugonjwa tu. Wengine husema kipimo hicho ni cha juu mno, hakuna mtu atakayekifikia. Huenda ni kweli. Lakini chama cha wafanyi kazi hakina sababu ya kulia kwa kuwa kipimo ni kirefu.

Tuje kwa wenzetu wa uchukuzi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenziwe walitoa habari za wafanyi kazi wa mabasi ya London. Dereva na kondakta walitoka katika mitaa ile ile, walifanya kazi katika basi lile lile. Lakini madereva walishikwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, na ukiwashika uliwaua upesi zaidi. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la orofa kukusanya nauli. Ilisemekana basi ya kuwa ni mwendo wa miguu. Morris hakuridhika upesi. Wenziwe na yeye wakaenda kutazama vipimo vya suruali katika daftari za sare, wakaona madereva walikuwa na viuno vipana tangu walipovaa sare. Hata hivyo, walipolinganisha watu wa kiuno kimoja, madereva bado walizidiwa. Tumelipenda jambo hilo la suruali. Laonyesha ya kuwa daftari ya stoo, ambayo sisi huidharau, yaweza kuwa ushahidi.

Na jambo kubwa kuliko hilo lilipatikana kwa makarani wa Serikali ya Uingereza. Watu walikuwa wakiamini ya kuwa wenye kufa kwa moyo ni mabwana wakubwa, kwa uzito wa mambo wanayoyachukua vichwani. Kuanzia mwaka 1967 walipimwa wanaume zaidi ya 17,000 wa ofisi za Whitehall, London, toka wakuu hata watarishi na mabawabu. Miaka ilipopita ilionekana kinyume chake: wa cheo cha chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kiasi cha mara tatu kuliko wa juu. Na hawa hawakuwa maskini wa kulala njaa. Wote walikuwa na mshahara na matibabu. Sigara na presha na mafuta ya damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mwaka 1985 Michael Marmot na wenziwe walianza uchunguzi wa pili, wa wanaume na wanawake 10,308. Mwaka 1997 walieleza ya kuwa sababu moja kubwa ni hii: mtu asiye na sauti katika kazi yake, asiyeweza kuamua afanye nini, lini, na kwa mwendo gani, moyo wake huwa hatarini zaidi.

Ndugu, lisikieni vizuri jambo hilo. Kuwa na sauti katika kazi ni afya. Siku zote tumeambiwa ya kuwa kukaa meza moja na mwajiri ni siasa, na afya ni ya hospitali. Sasa wenye vipimo wasema ya kuwa mambo hayo mawili yamekaa chumba kimoja.

Kuna swali jingine ambalo elimu hii hulishika. Kwa nini mtu ajuaye lililo jema kwa afya yake halifanyi? Katika miaka ya 1950 Serikali ya Marekani ilipeleka magari ya kupiga picha za kifua karibu na watu, bure, ili kifua kikuu kionekane mapema. Wengi hawakuja. Godfrey Hochbaum alitumwa kuuliza sababu. Alikuta ya kuwa katika watu walioamini kwamba wao wenyewe waweza kushikwa bila kujua, tena kwamba kuonekana mapema kuna faida, 82 katika kila 100 walikuwa wamepigwa picha kwa hiari yao. Katika wale wasioamini lolote kati ya hayo mawili, ni 21 tu. Wenziwe waliendeleza jambo hilo, wakaongeza ya kuwa mtu hupima pia hasara: nikienda, nitapoteza nini?

Nasi tuna jambo kama hilo hapa hapa. Wanachama wengi hawapimi presha. Wauguzi hudhani ni ujinga. Sisi twawajua, si wajinga. Dereva aogopa ya kuwa akionekana na presha atashushwa kwenye injini, apewe kazi ya mshahara mdogo, au asipewe kazi kabisa. Kibarua akienda kupimwa siku ya kazi, siku hiyo hailipwi. Basi mtu huyo anapima hasara yake kama mwenye duka yeyote, huona afadhali asijue. Ukitaka aje, usimletee picha ya moyo uliovimba. Mletee maandishi yenye sahihi, ya kuwa atakayeonekana na presha atatibiwa na kubaki na mshahara wake, na saa za kupimwa zitahesabiwa kuwa saa za kazi. Siku hiyo foleni itafika langoni.

Kuhusu saa za kazi, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2021. Mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Walihesabu ya kuwa kwa mwaka 2016 peke yake, saa hizo ndefu ziliua watu 745,000 duniani. Twajua ya kuwa ovataimu yatulipia karo. Hatumlaumu mtu aitakaye. Lakini mshahara usiotosha bila saa 60 ni mshahara unaolipwa kwa damu, na mazungumzo ya mshahara yatajwe hivyo.

Sasa lililotufanya tukubali kusema leo. Wengi mwajua habari za dereva mwenzetu aliyegonga gari kwenye kivuko cha barabara. Alipiga honi, alifunga breki, na mwajua wenyewe ya kuwa treni yenye mizigo haisimami kama baiskeli. Waliokuwa katika gari wawili walikufa mbele ya macho yake. Aliandika ripoti yake usiku, akatakiwa kazini siku ya pili, kwa kuwa hana jeraha. Mkubwa mmoja alimwambia ajikaze, ya kuwa yeye ni mwanamume. Akajikaza. Akikaribia kivuko kile mkono wake huenda kwenye breki kabla ya wakati, na nyumbani mkewe asema hulala ameketi. Akafokewa kwa kuchelewesha treni.

Ni mgongo wa reli ule ule wa mwaka 1866, ndugu zangu. Na huko Stockholm, Sweden, mwaka 1992 wataalamu walitoa habari za madereva wa treni za chini ya ardhi waliogonga watu: katika mwaka uliofuata ajali, siku zao za ugonjwa zilizidi kuliko za wenziwao. Kwa hiyo kamati inataka kuweka mezani ya kuwa dereva na msaidizi wake wakigonga mtu waondolewe kwenye injini hapo hapo, watumiwe wengine kuipeleka treni, wasindikizwe nyumbani, wapumzike kwa mshahara kamili, wamwone mtaalamu asiyepeleka maneno yao kwa mkubwa wa kazi, na warudi wakiwa tayari, kwanza pamoja na mwenzao. Gadi na mtu wa gangi anayeitwa kuokota maiti wahesabiwe vivyo hivyo. Hilo la mwisho lisisahauliwe, maana husahauliwa kila mara.

Tena jihadharini. Waajiri wengine wakisikia elimu hii hufurahi kuliko sisi. Huita mtu wa semina, tukafundishwa kupumua polepole na kunywa maji, na zamu zikabaki zile zile. Kupumua polepole si kubaya. Kuacha sigara ni bora zaidi. Richard Doll na Bradford Hill walionyesha mwaka 1950 jinsi ilivyofungamana na saratani ya mapafu, na pombe ya kila jioni nayo haimponyi mtu mawazo, humwahirishia tu. Hayo ni yetu, tuyashike wenyewe. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, likieleza juu ya mtu kuishiwa kabisa nguvu kwa kazi, liliandika ya kuwa ni jambo la kazini, litokalo katika mashaka ya kazi yasiyotengenezwa. Akija mtu wa semina, aulizwe kwa adabu kama somo lake lina sura ya ratiba ya zamu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao humo. Mahali pengine kamati hiyo hukutana kuhesabu helmeti na mitungi ya kuzimia moto, kisha watu hunywa chai. Wajumbe wetu wapeleke humo habari za zamu, na za usiku mfululizo, na za kivuko kile kisicho na kizuizi.

Karatasi ziko kwa Katibu. Kila mwanachama aandike, kwa mwezi mmoja, saa aliyoingia kazini, saa aliyotoka, na saa alizolala. Asiyetaka kutaja jina lake asitaje, ataje kazi yake tu: dereva, gadi, fundi, karani, mtu wa njia. Zirudishwe kabla kamati haijakutana, kwa kuwa Katibu akienda mezani mikono mitupu ataambiwa ya kuwa hakuna aliyelalamika. Ndugu wa gangi walio mbali na ofisi wampe gadi wa treni ya mizigo, naye atazileta.